Sura ya Tisa: Madoa ya Rangi kwenye Rula

Picha zilikuwa kumi na tisa, na kufikia saa moja asubuhi Odete Silveira alikuwa amezitazama mpaka macho yanamwasha. Alizipanga juu ya meza ya ofisi yake, chumba kimoja juu ya duka la mikate pale San Leandro, ambako harufu ya mkate mtamu wa Kireno hupanda ngazi kila alfajiri na hakuna mtu anayepanda nayo. Kila picha ilionyesha kifaa kimoja kilichotolewa kwenye boksi lake: hedifoni, waya wa chaji, rimoti, spika ndogo ya bafuni. Pembeni ya kila kifaa palikuwa na rula ya chuma na karatasi yenye tarehe na herufi mbili, A.F.

Huyo A.F. ndiye aliyenunua vyote. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani, kutafuta bidhaa zisizo na onyo la sumu, kuzinunua na kuzipeleka maabara kwa niaba ya mwanasheria mmoja aitwaye Grady Pell. Sheria ya California inasema anayeuza kitu chenye sumu bila kubandika onyo anaweza kushtakiwa na raia yeyote. Sheria yenyewe nzuri, haina neno. Ila penye sukari hapakosi sisimizi, na Pell alikuwa sisimizi mkubwa: alishazilazimisha kampuni nyingi kusaini suluhu kabla kesi hazijafika kwa hakimu.

Safari hii zamu ilikuwa ya Lam Quach, mtengenezaji wa hedifoni za watoto kutoka San Jose. Alikuwa amekaa mbele ya Odete, koti hajavua, kahawa hajagusa.

"Saa kumi na moja jioni," alisema. "Nisiposaini leo saa kumi na moja, kesho anafungua kesi. Na kesi ikifunguliwa tu, lile duka kubwa linanitoa kwenye rafu. Hawangoji hukumu wale."

"Na ukisaini?"

"Nikisaini nabandika onyo kwenye kila boksi. Hedifoni za watoto, Odete. Mama gani atanunua kitu kimeandikwa kina madini ya risasi, amvalishe mwanawe masikioni?"

Njia zote mbili zilikuwa zinaishia mahali pamoja, kwenye karakana iliyofungwa, wafanyakazi kumi na mmoja nje na mke wa Quach akikunja meza ya kufungashia. Odete alikuwa amekodiwa kutafuta njia ya tatu, yaani kuthibitisha kwamba ile risasi haikutoka kwa Quach. Alikuwa na siku kumi, na tisa zilishakwenda bure.

"Karakanani kuna mtu anatumia lehemu ya kizamani, ile yenye risasi?"

"Umeniuliza mara nne hilo."

"Hii ya tano."

"Hakuna. Na hata angekuwepo, lehemu inakaa ndani. Wao wanasema wameikuta juu, kwenye mto wa sikio. Mto wa sikio ni sponji na kitambaa. Risasi inapitaje kwenye sponji, inatembea?"

Odete alikuwa anazisogeza picha, akizipanga kwa tarehe badala ya kwa kampuni, jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu siku ya kwanza, na alijiona mjinga kulifanya siku ya kumi. Alizipata kwa mawakili wa kampuni zilizokwisha kusaini. Wengi wao walimpa kwa hasira tu. Nane zilipigwa kabla ya mwezi wa nne. Katika hizo nane, maabara ilikuta kemikali ya kulainisha plastiki, ile inayokutwa kila siku kwenye nyaya za bei rahisi. Kumi na moja zilipigwa baada ya hapo. Zote kumi na moja zilikutwa na risasi, na zote kwa nje.

"Mwezi wa nne kulitokea nini?" aliuliza, zaidi akijiuliza mwenyewe.

"Kwangu? Hakuna."

"Siyo kwako. Hebu tazama hapa."

Kwenye picha za mwanzo rula ilikuwa ya kijivu, kama rula zote duniani. Kwenye zile kumi na moja rula ilikuwa na madoa ya rangi, jekundu upande mmoja na la buluu likikata ukingo wa karatasi.

Quach aliinamisha kichwa. "Taa za Krismasi."

"Mwezi wa tano?"

"Basi kapigia baa. Mtu wa kazi hii si lazima awe mlevi?"

"Taa ya baa ingemwagika kila mahali. Hii ina kingo. Hili jua limepita kwenye kioo cha rangi, na kila picha limepita pembe ileile. Huyu mtu anapigia picha mahali pamoja, saa zilezile, na mahali hapo pamebadilika mwezi wa nne."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kanywe chai. Usisaini mpaka nikupigie."

Quach aliinuka, akafika mlangoni, akageuka. "Mke wangu hajalala siku tatu," alisema. Kisha akashuka ngazi.

*

Maabara ilikuwa Hayward, jengo bapa lisilo na madirisha mbele. Nasrin Rahimpour, mkuu wa zamu, alitoka kuonana naye kwenye korido akiwa na miwani ya kazi juu ya paji la uso. Alisema mapema kwamba habari za mteja hatazitoa.

"Sitaki habari za mteja," alisema Odete. "Nataka kujua mnavyofanya kazi. Mfuko ukifika?"

"Tunakagua lakiri, tunaandika muda, tunafungua, tunafuta."

"Mnafuta nini?"

"Sehemu inayoshikwa. Kitambaa chenye maji, mara kadhaa, halafu kitambaa ndicho tunachopima."

"Hamkisagi kifaa chenyewe?"

"Tukiombwa kusaga tunasaga. Wengi huomba kufuta. Kufuta ni haraka, na sheria inajali kile kinachofika mkononi mwa mtu."

"Sasa kama risasi haikutoka kwenye kifaa, imetua tu juu yake, kitambaa chenu kitajua?"

Nasrin alicheka kidogo. "Kitambaa hakina akili, dada yangu. Kinaokota kilichopo."

Odete alikuwa amekuja na dhana moja aliyoilea wiki nzima, kwamba mtu wa ofisi ya Pell hubadilisha vifaa njiani. Ilikuwa dhana tamu, maana Pell alikuwa mtu wa kuchukiza na ingependeza kumkamata. Aliuliza kuhusu lakiri.

"Lakiri yetu huwezi kuifungua ukairudisha," alisema Nasrin. "Ikifika imechezewa, tunakataa mfuko. Sijawahi kukataa mfuko mwaka huu, na hilo naweza kusema kwa sababu ni kazi yangu, si siri ya mtu. Chochote kilichokuwa juu ya kifaa kiliingia nacho mfukoni."

Basi dhana ikafa pale koridoni, na Odete akaizika bila matanga. Walibaki watu wawili tu waliogusa hedifoni kabla ya lakiri: aliyezifungasha San Jose, na A.F.

Alirudi garini, akala nusu ya mkate wenye soseji akiwa na faili juu ya usukani. Kwa miaka kumi na minane alichunguza madai ya bima, watu waliosema wamevunjika mgongo huku wakibeba mafriji, na jambo moja alilojifunza ni kwamba mtu hujificha kwa akili zake zote halafu anasahau tabia yake. Alizitoa risiti. Pell alikuwa ameziambatanisha zote kama ushahidi wa manunuzi, na jina la mnunuzi lilikuwa limefunikwa kwa wino mweusi juu. Chini kabisa ya risiti ya hedifoni, baada ya matangazo ya duka, palikuwa na mstari ambao hakuna mtu aliyefikiria kuufunika: ASANTE ALCIDE F. UNA POINTI 4,310.

Mzee wa watu alikuwa anatumia kadi yake ya pointi. Odete alicheka peke yake garini mpaka mtu wa gari la jirani akamtazama.

Daftari la nyumba la wilaya lilikuwa na Alcide wawili. Mmoja alikuwa amefariki. Wa pili alikuwa Alcide Fontenette, mwenye nyumba ndogo Richmond. Odete alimpigia wakili wa Quach, Meera Thottam, ambaye sauti yake siku zote ilikuwa ya mtu anayetembea haraka.

"Siyo mwajiriwa wa Pell, analipwa kwa kipande," alisema Thottam. "Kwa hiyo unaruhusiwa kuongea naye kama mwenyewe anataka. Mwambie wewe ni nani kabla hajakukaribisha. Na Odete, nisikilize vizuri. Usimpe kitu."

"Nimpe nini?"

"Chochote. Kahawa, sigara, lifti ya kufika kona. Ukimtendea wema hata mdogo, Pell atasema shahidi amenunuliwa, na maandishi yake yatafaa kufungia samaki. Ingia, pata, toka. Mgeni uliingia na mgeni utoke."

*

Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga mara ya pili. Alcide Fontenette alikuwa mzee wa miaka sabini na sita, mrefu, mweusi, suruali yake imepigwa pasi na kushikwa na mikanda ya mabegani. Odete alitaja jina lake, kazi yake, na nani anamlipa. Alisema mzee hana wajibu wa kuongea naye na anaweza kufunga mlango.

"Wewe ni wa watu wa hedifoni," alisema mzee.

"Ndiyo."

"Bibie, tangu Jumatatu sijaongea na mtu, ila ile mashine ya kulipia dukani. Ingia ndani."

Jikoni, jua la mchana lilikuwa linapita kwenye kioo kikubwa cha rangi kilichoegemezwa dirishani. Malaika mwekundu, anga ya buluu, nusu ya bawa haijaungwa. Juu ya meza, penye kitambaa cha plastiki, kulikuwa na vipande vya kioo, brashi ya nyaya, mikanda ya madini ya risasi iliyokatwa, sahani ya wali na maharage mekundu, kikombe cha kahawa, rula ya chuma, na rundo la mifuko ya maabara ya Pell. Odete alivitazama vitu hivyo kimoja kimoja na jibu la siku kumi likamjia lote kwa mara moja. Hakufurahi kama alivyotarajia.

"Madirisha ya kanisa letu," alisema mzee. "Mke wangu Verlene aliimba chini ya haya miaka arobaini. Risasi inayoshika vioo imezeeka, vioo vinadondoka, na waumini tumebaki wachache, hatuna pesa za kumwita fundi. Nikamwambia mchungaji, nipe mimi. Natoa moja, narudisha moja, yote yanafanana. Hili la tano."

"Ulianza lini?"

"Baada ya Pasaka. Mwezi wa nne."

"Na hii risasi ya zamani unaitoaje?"

"Naipiga brashi. Ina vumbi hiyo, usiseme."

Odete alimwomba amwonyeshe anavyofanya kazi ya Pell. Mzee alichangamka, yaelekea hakuna aliyewahi kumuuliza. Alichukua boksi la chaji alilonunua jana na kueleza hatua baada ya hatua, kama mwalimu. Picha ya rafu kwanza. Halafu risiti. Halafu boksi pande zote sita.

"Halafu nafungua," alisema. "Lazima ufungue, kwa sababu wapo wajanja wanaoficha onyo ndani, kwenye kijitabu, ukurasa wa mwisho, maandishi madogo kama chawa. Natoa kifaa, nakigeuza, nasoma kila sehemu. Sijawahi kumsingizia mtu. Kama onyo lipo, narudisha dukani."

Alikuwa amekishika kifaa kwa mikono mitupu, akikizungusha polepole, kidole gumba kikipita juu yake kote. Kisha akakilaza kando ya rula, penye doa jekundu.

"Glavu hawakukupa?"

"Walinipa. Vidole vimekufa ganzi, nikivaa zile sishiki kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi. Uzee."

"Na tumbo?"

Mzee alisimamisha mkono. "Nani kakwambia habari za tumbo langu?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Linasokota. Na kahawa ina ladha ya sarafu. Nilidhani ni birika, nikanunua jipya, ikawa vilevile. Nasahau pia. Juzi nimesimama dukani dakika nzima sijui nimefuata nini. Nikasema, haya, Alcide, ndiyo unakwenda hivyo."

Odete alitoa kwenye mkoba vijiti vya kupimia vinavyouzwa duka la vifaa vya ujenzi, vile vinavyogeuka vyekundu vikigusa risasi. Alieleza ni nini na akaomba ruhusa. Mzee alinyoosha kiganja bila kuuliza zaidi. Kijiti kilipita kwenye kidole gumba, kikawa chekundu.

"Futa na meza," alisema mzee.

Meza ikawa nyekundu. Mzee akasogeza rula, nayo ikawa nyekundu. Halafu yeye mwenyewe akasukuma kikombe chake cha kahawa, na Odete alitamani asikipime, ila alikipima pale mdomo unapogusa. Kikawa chekundu kuliko vyote.

Nje mtu alikuwa anaita mbwa.

"Zote zilikuwa safi?" aliuliza mzee mwishowe. "Zile rimoti, zile spika?"

"Sijui zote. Za Quach zilikuwa safi. Risasi ilitoka hapa."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni meza, Bwana Fontenette."

"Usinipake mafuta, bibie. Ni mimi." Alifunga macho, akafungua. "Kuna bwana mmoja wa Stockton alifunga duka lake. Niliona gazetini. Nikajisemea, umeokoa watoto, Alcide."

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo, lakini hakuna anayekuambia ufanye nini ukishavua nguo. Odete alitazama pembeni ampe mzee nafasi, na ndipo macho yake yakatua kwenye fungu la mikanda mipya ya risasi, lililoegemea jiko. Lilikuwa limefungwa kamba, na kwenye kamba palining'inia kadi. Juu ya kadi kulikuwa na pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao, na maneno yaleyale ya sheria kuhusu risasi, saratani na mimba.

"Hii kadi hukuiona?"

Mzee alivaa miwani, akaisoma yote, midomo ikitembea.

"Niliiona," alisema. "Iko kila mahali hii, bibie. Iko mlango wa benki, iko gereji, iko mkahawani. Miaka sita kazi yangu ni kutafuta mahali ambapo haipo. Nikiiona ipo, narudisha kitu rafuni naendelea. Ipo, basi hainihusu."

Alivua miwani na kuikunja. Odete alishika kalamu lakini hakuandika.

*

Ilikuwa saa tisa kasoro. Maandishi aliyaandika mzee mwenyewe, kwa mkono wake, polepole, kwa kuwa kalamu ilikuwa inamponyoka. Odete hakumwambia aandike nini. Alimweleza tu kwamba itakuwa chini ya kiapo, na kwamba anaweza kukataa.

Katikati ya ukurasa wa pili mzee alisimama. "Pell atanifukuza."

"Ndiyo," alisema Odete. "Atakufukuza leo hii."

"Yule msichana wa ofisini kwake hunipigia kila Jumatatu. 'Mzee Fontenette, wiki hii una mifuko mingapi?' Anauliza na mvua imenyesha huku, goti linaendeleaje." Alitazama simu ya ukutani. "Hakuna mwingine anayeipigia ile simu."

Odete alijua nyumba ya namna hiyo. Alikuwa na yake.

"Ukitaka kuacha, acha," alisema.

"Nilikuwa fundi umeme wa meli miaka thelathini na moja. Mtu akisema kazi yako mbovu na wewe unajua si mbovu, hilo linauma mpaka usingizini. Mwambie huyo bwana wa hedifoni samahani." Akaendelea kuandika.

Saa tisa na nusu Odete aliipiga picha karatasi, vijiti, meza na mikono, akamtumia Thottam. Jibu lilikuja dakika chache baadaye: *Nimeipata, naipeleka kwa Pell. Ondoka hapo.*

"Nenda hospitali," alimwambia mzee. "Leo, siyo kesho. Waambie wapime risasi kwenye damu. Usile tena humu ndani, na hiyo brashi usiishike."

"Sawa."

Mzee alisimama kuchukua koti na akayumba. Alishika kiti. Alipochukua funguo za gari zilimdondoka, akainama, akazishika, zikamdondoka tena.

"Usiendeshe," alisema Odete. "Kuna mtu wa kumpigia?"

"Angekuwepo ungekuta vikombe viwili mezani."

"Ita gari la wagonjwa."

"Nisombwe na king'ora kwa ajili ya tumbo? Majirani wataanza kugawana viti. Basi linapita pale kona."

Mkono wa Odete ulikuwa umeshaingia mkobani kutafuta funguo zake. Mzee aliuona.

"Wakili wako kakukataza," alisema. "Siyo?"

"Umejuaje?"

"Miaka sita nafanya kazi na wanasheria. Ukinipandisha kwenye gari lako, karatasi niliyoandika imekufa, na nimepoteza kazi bure, na yule bwana naye amepoteza karakana. Toa mkono huo mkobani."

Aliutoa. Mzee alivaa koti, akafungua mlango, akasubiri Odete atoke kwanza, kisha akafunga. Walishuka ngazi mbili za baraza. Njia panda mzee aligeuka kulia kwenda kituoni, na Odete akaenda kwenye gari lake.

Hakuondoka. Alikaa mpaka basi lilipokuja, akamwona mzee akishika bomba kwa mikono miwili kujivuta ndani, kisha akawasha gari akalifuata. Basi liliposimama alisimama, hata waliokuwa nyuma yake walipompigia honi na kumtukana. Kila mlango ulipofunguliwa alichungulia kama mzee hajashuka, au hajadondoka. Alikuwa amempa nini? Hajampa kitu. Barabara ni ya umma, hata Pell hawezi kumzuia mtu kuendesha polepole.

Chumba cha kusubiria cha hospitali kilikuwa kimejaa. Mzee alijiandikisha dirishani, akatolewa damu, akapata kiti kando ya ukuta. Odete alikaa viti vitatu kutoka kwake, kati yao mama mwenye mtoto anayekohoa na kijana aliyefunga mkono kwa taulo. Hawakutazamana.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi simu yake ilitetemeka. Thottam alikuwa ameandika: *Pell hafungui kesi. Anaomba wiki mbili. Ila anauliza sana maandishi yalipatikanaje. Ulimwacha vizuri? Hukumpa kitu?*

Odete aliandika: *Sikumpa kitu.*

Wa pili kuandika alikuwa Quach, mstari mmoja tu, kwamba mkewe amelala hapohapo mezani na hakuna anayethubutu kumwamsha. Odete aliusoma mara mbili. Mtu mmoja ameokoka leo, alijiambia, na ni kweli, ndiyo kazi aliyotumwa.

Mlango wa ndani ulifunguliwa na muuguzi akatoka na karatasi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole.

"Bwana Fontenette?"

Mzee aliinua mkono. Ilimchukua muda kusimama, na mama mwenye mtoto akamshika kiwiko.

"Pole, baba," alisema muuguzi. "Taratibu tu. Daktari atataka kukulaza usiku wa leo, na kuna mambo ya kueleza. Umekuja na nani?"

Mzee aligeuka. Macho yake yalipita ukutani, yakapita kwa kijana wa taulo, yakafika kwa Odete na kutulia. Odete alikuwa ameshainuka nusu, mikono juu ya magoti.

"Sina mtu," alisema Alcide Fontenette, akimtazama bado. "Nimekuja peke yangu."

Odete akakaa.